Wasifu wa Mkurugenzi Oketch

Ziwa Data Limited,
Kisumu.
4 Agosti 1997

Kwa Madam Nabututu,

Najua utaigeuza bahasha hii mara mbili ukijiuliza imetoka kwa nani. Ni Oketch. Absalom Oketch wa chumba cha kadi kule kiwanda cha sukari. Anwani yako nimepewa na Wabwire wa mishahara, ambaye nilimkuta Ahero akinunua mchele. Amesema una chuo cha taipu huko Port Victoria na kwamba umenenepa. Hilo la pili aliniomba nisiliandike.

Mimi sasa nakaa mtaa wa Migosi, hapa Kisumu. Tumeanzisha kampuni ya kompyuta, wakurugenzi wanne, na mimi ndiye meneja mkurugenzi. Tunatengeneza programu za mishahara kwa vyama vya ushirika, na mwakani tunataka kuleta intaneti hapa mjini, ili mtu asilazimike kwenda Nairobi kwa ajili ya ujumbe wa kurasa mbili. Wawekezaji wa Nairobi wako tayari, lakini wametaka kitabu kidogo chenye wasifu wa kila mkurugenzi: alisoma wapi, alifanya kazi gani, nani anathibitisha. Mwenzetu Bi Safia Mbarak, aliyeweka mtaji mkubwa kuliko sisi wote, ameweka sharti lake juu ya hilo. Hakuna wasifu utakaochapwa bila barua ya mtu aliyekuwa juu yako kazini. Juu yangu ulikuwa wewe.

Ukurasa wangu uko ndani ya bahasha. Soma sehemu ya kiwandani tu, hizo nyingine zisikuchoshe. Ukiona iko sawa, andika mistari mitatu au minne, na uitume kwangu nyumbani, si ofisini. Kitabu kinaenda kwa mchapaji mwisho wa Septemba, na mimi siku hizi situlii, hata chai inanipoa mkononi.

Wako mtiifu,
A. Oketch

N.B. Usijisumbue kuandika marefu.


Port Victoria,
15 Agosti 1997

Oketch,

Nimenenepa kweli. Mwambie Wabwire kwamba habari za upara wake zimefika hadi huku.

Nimefurahi kuona mwandiko wako. Bado unaandika kama mtu anayekimbizwa. Ukurasa wako nimeusoma wote, maana hujanipa sababu ya kuruka. Unasema mwaka 1977 uliajiriwa kiwandani kama "afisa wa takwimu". Ndugu yangu, uliajiriwa kufagia vipande vya karatasi chini ya mashine, na ni mimi niliyekutoa kwenye ufagio nikakupa kiti. Lakini ulijifunza haraka kuliko wote, hilo nitaliandika.

Kisha unasema "alibuni utaratibu wa ukaguzi uliokomesha makosa ya mishahara". Utaratibu gani huo? Kama ni ule wa kupiga mstari wa wino juu ya kadi zikiwa zimepangwa kwenye trei, kutoka pembe hii hadi pembe ile, ili kadi ikihama mstari ukatike na kila mtu aone, basi huo niliuanza mimi mwaka 1975 kwa kalamu niliyonunua mwenyewe. Lakini uchukue. Mimi nitaufanyia nini huku? Nina mashine nne za taipu na moja haina herufi R.

Linalonisumbua ni jingine. Hao watu wa Nairobi wakiuliza huyu Nabututu ni nani na aliondoka vipi kiwandani, utawajibu nini? Kosa la Mei 1981 lilikuwa langu, na faili langu linasema hivyo. Sitaki jina langu likuchafulie ukurasa. Lifikirie kwanza. Barua nimeiandika, imo humu, lakini ukiona heri utafute mtu mwingine sitakasirika.

Nabututu


Migosi,
20 Agosti 1997

Madam,

Asante, asante sana. Barua ni nzuri kuliko nilivyostahili.

Lile la 1981 tusilirudie. Ni la zamani, hakuna anayelikumbuka, kiwanda chenyewe kimeshatupa zile mashine. Akikuuliza mtu, sema ulistaafu kwa sababu za kifamilia. Ni kweli pia, si ulikuwa unatarajia mtoto? Basi. Naomba tu usiandikiane na ofisi. Bi Safia ni mtu wa maswali, na jibu moja kwake huzaa maswali matatu.

Mvua imeanza kunyesha wakati si wake. Nina mkutano saa nane na sijapata tai. Nitakuandikia vizuri siku nyingine.

A. Oketch

N.B. Yule mtoto alizaliwa salama? Sikuwahi kuuliza.


Ziwa Data Limited,
Kisumu.
8 Septemba 1997

Mama Nabututu,

Hatujuani. Mimi ni Safia Mbarak. Baba yangu aliuza saruji na mabati hapa Kisumu miaka thelathini, na alinifundisha kwamba ukiletewa barua ya sifa, umwandikie aliyeiandika. Barua yako kuhusu Bwana Oketch nimeletewa na Bwana Oketch mwenyewe, bahasha ikiwa wazi. Ndiyo maana nakuandikia.

Usidhani namshuku yeye peke yake. Wakurugenzi wote nimewasumbua. Mzee Joram, mwalimu mkuu mstaafu, ameleta kurasa sita, na ukurasa wa kwanza wote ni ubatizo wake. Bwana Wasike ameandika kwamba aliongoza benki, nami nimekuta kwamba aliongoza tawi lenye makarani wawili. Wangu una mistari minne: duka la baba, chuo cha uhasibu, malori, kampuni hii. Natumaini hawatasema ni mfupi.

Nina maswali mawili. La kwanza: unaandika kwamba ulikuwa na Oketch hadi 1981, na yeye anaendelea hadi 1984 akiwa msimamizi wa chumba. Wewe uliondoka kwa nini? La pili halihusu kitabu. Tuna wasichana wanane, wengi wao kutoka mtaa wa Obunga, wanaoingiza takwimu za hospitali na shule kwenye kompyuta. Ni wepesi lakini hawana wa kuwaongoza. Kwa jinsi ulivyoieleza kazi ile ya kadi, naona wewe unaijua. Ungekubali kuja?

Wako,
Safia Mbarak


Port Victoria,
16 Septemba 1997

Bi Safia,

Swali lako la kwanza ndilo litakalojibu la pili.

Kila mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na kadi mbili za mashine ya mishahara. Moja ilikuwa na jina na namba yake, nyingine siku alizofanya kazi. Zilifuatana kwenye trei, jina halafu siku, jina halafu siku, na mashine ilizisoma kwa mfuatano huo. Kadi ya siku ikikaa nyuma ya jina lisilo lake, mtu analipwa jasho la mwenzake. Kwa hiyo nikishahakikisha trei imepangika, nilipiga mstari wa wino juu yake, naweka sahihi pembeni, inakwenda mashineni.

Mei 1981 nilikuwa na mimba ya miezi saba. Siku moja niliondoka saa tano kwenda kliniki, nikarudi saa nane. Trei ya wakata miwa ilikuwa mezani kwangu, mstari umenyooka. Nikadhani niliipiga kabla ya kutoka. Nilikuwa nimepiga mistari sita asubuhi ile na kichwa kilikuwa kizito. Nikatia sahihi.

Ijumaa ikawa fujo. Waliokata miwa mwezi mzima walipata mshahara wa siku nne, na mtu aliyekuwa matangani mwezi huo huo akapata kamili. Walivunja dirisha la kulipia. Kadi zilipokaguliwa, zaidi ya mia mbili hazikuwa mahali pake, na juu ya makosa yote hayo kulikuwa na mstari wangu na sahihi yangu. Sikuwa na la kujitetea. Meneja alisema mimba imenichanganya akili. Nilifukuzwa Jumatatu, na wiki hiyo hiyo wanawake wengine wawili wajawazito waliondolewa kwenye mashine wasije wakafanya kama mimi.

Umeniuliza kwa uwazi, nami nimekujibu kwa uwazi. Ukitaka bado nije, amua wewe. Oketch hana lawama yoyote katika hayo.

Nabututu


Kisumu,
3 Oktoba 1997

Mama Nabututu,

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mtu anayeandika kosa lake hivyo ndiye ninayemtaka awe juu ya wale wasichana, na nilikwenda kwenye mkutano wa bodi nikaliomba hilo.

Mzee Joram alikataa. Alisema wawekezaji watauliza, na kampuni ya mishahara haiwezi kumwajiri mtu aliyevuruga mishahara. Bwana Wasike akamuunga mkono. Nikamgeukia Bwana Oketch, maana yeye ndiye anayekujua, nikamwambia, "Sema wewe. Alikuwa mtu wa aina gani kazini?" Alitazama dirishani muda mrefu, kisha akasema hana cha kuongeza. Kura zikawa mbili kwa moja, na yeye hakupiga.

Samahani. Nimeona uchungu kwa sababu mimi ndiye niliyekuomba useme. Kitabu bado hakijachapwa. Mchapaji amejaa mabango ya uchaguzi na ametuweka nyuma ya wagombea wote wa Nyanza.

Safia


Port Victoria,
10 Oktoba 1997

Oketch,

Safia ameniambia mambo ya mkutano wenu. Kazi sikuiomba, kwa hiyo kuikosa hakuniumizi sana. Kinachoniuma ni kwamba uliulizwa nilikuwa mtu wa aina gani, ukatazama dirisha. Mimi nilipoulizwa habari zako sikutazama popote. Niliandika.

Tangu nimwandikie Safia habari ya kadi zile, situlii. Miaka yote nilikuwa nalikumbuka kosa lile kwa jumla, kama mtu anavyokumbuka ajali. Sasa nimelazimika kuliandika hatua kwa hatua, na kuna hatua moja haikai. Kalamu yangu ya mstari niliiweka kwenye mkoba. Niliporudi kutoka kliniki niliitoa humo humo kutia sahihi, na nakumbuka nilishangaa kidogo kwamba wino wa sahihi ulikuwa mweusi kuliko wa mstari. Halafu nikasahau kushangaa.

Wewe ulibaki chumbani adhuhuri ile. Nina swali moja tu. Uliniona nikipiga mstari kwenye trei ya wakata miwa kabla sijatoka?

Nabututu


Port Victoria,
24 Oktoba 1997

Oketch,

Wiki mbili, na Migosi si Ulaya. Swali langu lina jibu la neno moja.

Nabututu


Migosi,
6 Novemba 1997

Madam Nabututu,

Hii ni barua ya tano. Nne zimeishia jikoni, kwenye moto.

Hapana. Hukupiga mstari ule. Niliupiga mimi.

Ulipoondoka kwenda kliniki niliinua trei ya wakata miwa niipeleke mezani kwako, ili ukirudi ukute kazi imesogea. Niliishika kwa mkono mmoja, mwingine ulikuwa na kikombe. Ikaanguka yote. Hapakuwa na mtu, wenzetu walikuwa wamekwenda kula. Nilizikusanya kwa magoti na kuzipanga nilivyoweza. Majina niliyaweka sawa kwa sababu yana namba, lakini kadi nyingi za siku zilikuwa zimefifia wino na nilikisia. Nilisikia watu wanarudi. Nikachukua kalamu ya Wabwire nikapiga mstari juu yake, kutoka pembe hadi pembe, kama ulivyonifundisha. Ulinyooka vizuri mno. Nilipanga kukuambia ukiingia. Ukaingia umechoka, ukakaa, ukatia sahihi, na mimi nikaendelea kupanga kukuambia.

Ijumaa watu walivunja dirisha. Nikasema Jumatatu nitakwenda kwa meneja. Jumatatu nilipofika, ulikuwa umeshatoka getini na mimi nikaambiwa nikae kwenye kiti chako. Nilikaa. Ningeweza kusimama siku yoyote ile, na kila mwaka uliopita ulifanya iwe vigumu zaidi. Nikaenda Nairobi, nikasomea kompyuta, nikapandishwa cheo, na kila mahali nilijaza fomu yenye mstari wa "msimamizi wa chumba 1981". Huo ndio msingi wa kila kitu nilichopata baadaye.

Nikuambie na lililo baya zaidi. Ningeweza kupata barua ya sifa kwa watu wengine. Nilikuandikia wewe kwa sababu nilitaka kujua unajua nini kabla Safia hajakutafuta. Ulipojibu kwamba kosa lilikuwa lako, nilimshukuru Mungu. Nilipiga magoti nikashukuru, Madam. Ndipo nikajiona nilivyo.

Sasa amua wewe. Ukisema niwaambie bodi, nitawaambia. Ukisema tuliache, nitaliacha, na nitahakikisha unapata kazi kwa njia nyingine. Vyovyote utakavyosema.

Absalom Oketch


Port Victoria,
28 Novemba 1997

Oketch,

Barua yako ilikaa Busia siku kumi na saba kwa sababu ya mafuriko. Mto umepasua kingo Budalangi na watu wanalala kwenye madarasa. Mashine zangu za taipu ziko juu ya meza na meza iko juu ya matofali. Nimeisoma nikiwa nimesimama kwenye maji hadi kifundoni, na kwa muda nilisahau kwamba nimesimama kwenye maji.

Nimekasirika. Sitaki ukisie, ndiyo maana naandika. Nimekasirika kuliko siku ile nilipofukuzwa, kwa sababu siku ile nilijikasirikia mwenyewe, na hasira ya namna hiyo mtu huibeba kimya kimya. Mwaka 1986 niliitwa kufanya kazi ya takwimu benki ya Busia. Nilikataa. Nilimwambia meneja wao kwamba mikono yangu si ya kuaminika. Nilisema hivyo kwa mdomo wangu, mtu mzima, mbele ya mtu aliyenitafuta.

Sasa unaniambia niamue. Umenifanyia uliyonifanyia, halafu bado unataka nikupangie kazi, kana kwamba ningali msimamizi wako. Mimi sikuambii useme wala unyamaze. Barua niliyoandika Agosti naifuta. Safia alitaka mtu aliyekuwa juu yako athibitishe wasifu wako, basi huu ndio ninaoweza kuuthibitisha:

ABSALOM OKETCH. Alizaliwa Nyakach. Alisoma hadi kidato cha nne. 1977: aliajiriwa kiwanda cha sukari kama mfagiaji, na kwa bidii yake akawa mpanga kadi mwaka huo huo. Mei 1981: aliangusha trei ya wakata miwa, akaipanga kwa kukisia, akapiga mstari juu yake. 1981 hadi 1984: msimamizi wa chumba, kwenye kiti cha mwenzake aliyefukuzwa kwa kosa hilo. 1984 hadi 1995: Nairobi, masomo na kazi za kompyuta, ambazo siwezi kuzithibitisha. 1981 hadi 1997: alinyamaza.

Nimeutaipu nakala mbili na kutia sahihi zote. Moja ni yako. Ya pili imo kwenye droo yangu, na haitatoka humo kwa mkono wangu. Ukitaka jina langu kwenye kitabu chenu, ni chini ya maneno hayo. Ukitaka maneno mengine, tafuta jina jingine.

Nabututu


Kisumu,
13 Desemba 1997

Mama Nabututu,

Wiki iliyopita Bwana Oketch aliitisha mkutano wa bodi. Tulidhani ni habari za wawekezaji. Alisimama, akatoa karatasi yako mfukoni na kuisoma yote, hadi neno la mwisho. Alipofika mwaka wa 1981 aliurudia mstari huo tangu mwanzo. Mzee Joram alimwambia, "Keti, kijana wangu, yatosha." Alikataa kuketi hadi alipomaliza, kisha akaomba tupige kura kuhusu kazi yako upya, akatoka nje.

Nikueleze yaliyoamuliwa. Oketch si meneja mkurugenzi tena, alijiuzulu kabla hatujamwambia. Mzee Joram alitaka aondoke kabisa. Mimi nilisema programu zote ni za mkono wake, na hilo ni jambo ambalo wasifu wowote hauwezi kulifuta, kwa hiyo atabaki kama fundi. Wawekezaji wa Nairobi nimewatumia rasimu ya kitabu yenye ukurasa wake kama ulivyouandika wewe. Hawajajibu. Huenda wasijibu, na mpango wa intaneti ukasubiri. Nimewakasirikia kabla hata hawajafanya kitu.

Kuhusu wewe, kura zilikuwa tatu, hakuna iliyopinga. Mzee Joram aliniomba nikuandikie kwamba alikosea, akaongeza kwamba angependa aandike mwenyewe lakini barua yake ingekuwa ndefu. Njoo Januari, maji yakishuka. Na tuletee wasifu wako, maana sasa na wewe unauhitaji.

Wako,
Safia


Port Victoria,
22 Desemba 1997

Bi Safia,

Maji yameanza kushuka. Yameacha tope ukutani hadi usawa wa magoti, na mashine isiyo na R sasa haina na T.

Nitakuja. Nitafika kwenye wiki ya pili ya Januari, barabara ikipitika. Lakini nakuomba usiniweke chumba kimoja na Oketch. Watu wa kanisani wameniambia nimsamehe, na wewe hujaniambia, ndiyo maana naweza kukuandikia. Siku nyingine naamka nikiwa nimeshamsamehe, na nikishaosha uso hasira imerudi. Hizo ni zamu ambazo sijui zitaisha lini. Kazi naijua, na wale wasichana wa Obunga nitawafundisha vizuri. Akija kutengeneza kompyuta, atanikuta kwa heshima. Zaidi ya hapo siahidi.

Wasifu wangu nimeujaribu mara kadhaa. Hadi 1981 unakwenda wenyewe. Baada ya hapo sijui niandike nini, kwa sababu niliyoyafanya yote, na hata niliyoyakataa, niliyafanya nikiwa mtu mwingine, yule aliyevuruga kadi. Nipe muda. Nitauleta mkononi.

Liko jambo moja nataka ulijue, na umwambie Oketch ukipata nafasi, maana aliwahi kuniuliza na mimi sikumjibu. Mtoto niliyekuwa naye tumboni alizaliwa salama. Anaitwa Lornah, ana miaka kumi na sita. Amekua akisikia kwetu kwamba mama yake alikuwa na kazi nzuri kiwandani, na kwamba mimba ilimchanganya akaipoteza. Shangazi zake walilisema kwa kucheka, arusini na matangani. Hata mimi nililisema. Niliona ni hadithi ya kawaida ya nyumbani, na yeye alikuwa akicheka pamoja nasi.

Jumapili nilimketisha nikamsomea barua ya Oketch, ile ya Novemba. Alisikiliza hadi mwisho. Nilidhani atamtukana huyo mtu, na nilikuwa tayari kumwacha amtukane. Akaniuliza, "Kwa hiyo, Mama, haikuwa mimi?"

Nilimwambia haikuwa yeye. Nikamwambia tena, na tena, na hadi ninapokuandikia leo bado namwambia.

Nabututu